Mahakama ya Juu na siasa za mirengo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu, Nakuru na Magharibi

Maswali haya nimeyapokea katika vikao vya elimu ya uraia ambavyo nimeviongoza Kisumu, Ahero, Kakamega na Nakuru tangu uchaguzi wa 2013. Mengi huulizwa na wauzaji wa sokoni, wahudumu wa bodaboda, walimu na wazee wa kanisa. Nimeyaandika jinsi yalivyoulizwa, hata yale yenye ukali. Majibu ni yangu, na mahali nilipotoa maoni nimesema wazi.

Mahakama ya Juu ndiyo ipi? Si ni hiyo hiyo Mahakama Kuu?

La, ni mbili tofauti, na majina yenyewe ndiyo yanayotuchanganya. Mahakama Kuu ni hii iliyoko Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na kwingineko, inayosikiliza kesi za mauaji na kesi za katiba. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa kwa Mahakama ya Rufaa, ambayo nayo huketi Kisumu. Juu ya hizo ndiko iliko Mahakama ya Juu, Nairobi. Ina majaji saba: Jaji Mkuu, Naibu wake na wengine watano. Ilianzishwa na Katiba ya 2010, na uamuzi wake unazifunga mahakama nyingine zote nchini. Ili kesi isikilizwe sharti waketi majaji wasiopungua watano. Shikeni hiyo idadi ya watano, tutaihitaji mbele.

Mbona siku hizi kila uchaguzi wa urais unaishia kortini? Zamani hatukuwa hivi.

Zamani kesi zilikuwako pia, ila zilikufa kabla ya kusikilizwa. Kenneth Matiba alipopinga ushindi wa Rais Moi wa 1992, kesi yake ilitupwa kwa sababu hakutia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Matiba alikuwa amepatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na aliyetia sahihi kwa niaba yake ni mkewe, akiwa na idhini ya kisheria. Mwai Kibaki naye alipinga uchaguzi wa 1997. Kesi ikatupwa kwa sababu karatasi hazikukabidhiwa Moi ana kwa ana. Hebu fikiria: mtu wa kawaida, na bahasha mkononi, apenye walinzi wote wa Rais hadi amguse! Hayo yalitokea miaka michache tu baada ya Bunge kuwaondolea majaji ulinzi wa kazi mwaka 1988, ulinzi ambao ulirudishwa 1990. Majaji walikuwa wamejifunza woga, na woga hauondoki kwa kubadilisha kifungu kimoja cha sheria.

Ndiyo maana mwishoni mwa 2007, ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, ilipoambiwa iende kortini, viongozi wake walikataa. Kibaki alikuwa amekwisha kuapishwa jioni ile ile ya tarehe 30 Desemba. Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa mtu wa Kisumu, Nakuru, Naivasha au Eldoret. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walitoroka makwao. Nimekaa Nakuru na akina mama ambao hadi leo hawajarudi mashambani mwao.

Waliotunga Katiba ya 2010 walikuwa na maiti hizo akilini. Wakaweka kifungu cha 140: anayepinga matokeo ya urais awasilishe kesi katika siku saba baada ya kutangazwa, na Mahakama ya Juu yenyewe, si nyingine, iamue katika siku 14. Ikifuta uchaguzi, kura irudiwe katika siku 60. Mtu akiniambia kwamba Wakenya tunakimbilia korti kupita kiasi, mimi humkumbusha tulikokuwa tukikimbilia kabla yake.

Siku 14 zinatosha kuchunguza nchi nzima?

Kwa maoni yangu hazitoshi. Mwaka 2022 kesi ziliwasilishwa tarehe 22 Agosti na uamuzi ukasomwa 5 Septemba. Katikati ya hapo ilibidi wahusika wajibu, mawakili wabishane, masanduku ya vituo kadhaa yafunguliwe na kura zihesabiwe upya, na majaji waandike. Sababu ya kubana muda ni kwamba nchi haiwezi kukaa muda mrefu bila kujua ni nani rais wake. Naielewa hofu hiyo, lakini muda mfupi humfaa zaidi anayeshikilia karatasi kuliko anayezitafuta. Kuubadilisha ni lazima Katiba irekebishwe.

Mahakama ile ile ilifuta uchaguzi 2017, halafu 2022 ikakataa. Si ni wazi kwamba mara ya pili walinunuliwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote Kisumu. Nakuru huulizwa vilevile, ila likiwa limegeuzwa: huko wapo wanaoamini kwamba walionunuliwa ni wale wa 2017.

Tuanze na 2017. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa tofauti ya kura takriban milioni 1.4. Tarehe 1 Septemba majaji wanne kati ya sita waliosikiliza kesi walifuta uchaguzi huo: Jaji Mkuu David Maraga, Naibu wake Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola. Wawili, Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u, walipinga. Jaji wa saba, Mohamed Ibrahim, alikuwa mgonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa mahakama kufuta uchaguzi wa rais. Majaji hawakusema kwamba Raila Odinga alishinda, wala hawakusema kwamba Uhuru aliiba. Walichosema ni kwamba njia iliyotumika kupeleka na kujumlisha matokeo ilivunja Katiba na sheria. Matokeo yalitangazwa huku maelfu ya fomu 34A, zile zinazojazwa kituoni, zikiwa bado hazijafika. Baadhi ya fomu za kujumlisha zilikosa alama za usalama. Na korti ilipoiamuru IEBC ifungue mitambo yake ya kompyuta ikaguliwe, tume haikutii ipasavyo. Ukiambiwa ufungue ghala ukakataa, hakimu ana haki ya kudhani kwamba kuna jambo unalolificha humo.

Sasa 2022. IEBC iliweka picha za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, mtu yeyote ajumlishe mwenyewe. Na watu walijumlisha; vijana wa hapa Kisumu walikesha wakifanya hivyo. William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, na makamishna wanne kati ya saba wa IEBC wakayakana matokeo hayo. Mlalamishi alisema kwamba fomu zilibadilishwa njiani kabla ya kuingia kwenye tovuti. Korti ikalinganisha fomu halisi na zile za tovuti, haikuona tofauti iliyodaiwa. Kuhusu makamishna wanne, ilisema kwamba tume ina shida kubwa za ndani, lakini ugomvi wao peke yake haubadilishi kura zilizokwisha kuhesabiwa vituoni.

Ninachoomba watu wakitafakari ni hiki. Mwilu, Wanjala na Lenaola, watatu kati ya wale wanne wa 2017, walikuwa kwenye kiti mwaka 2022, na wote walitia sahihi uamuzi wa kukataa kesi. Kama waliweza kumkasirisha rais aliye madarakani 2017, wakijua atakavyowafanya, inakuwa vigumu kwangu kuamini kwamba miaka mitano baadaye walikuwa watu wengine kabisa. Kilichobadilika ni ushahidi uliowekwa mezani. Unaweza kuusoma uamuzi wote ukapata kasoro ndani yake. Mimi binafsi sikupendezwa na lugha ya kejeli waliyotumia dhidi ya baadhi ya madai. Mlalamishi anayeshindwa anastahili heshima, hasa pale ambapo nusu ya nchi iko nyuma yake. Lakini kasoro ya lugha na hongo ni vitu viwili mbalimbali.

Jaji akiwa wa kabila la mshindi, unatarajia aamue vipi?

Swali hili liliulizwa na mzee mmoja Ahero, na ukumbi mzima ulinyamaza kusubiri jibu langu. Nilimuuliza: "Mzee wangu, ukisikia jina Ojwang, unamhesabu kuwa wa wapi?" Akacheka, akasema, "Huyo ni wetu." Nikamwambia kwamba Jaji Ojwang ndiye aliyeandika kwamba uchaguzi wa 2017 usifutwe. Na 2013 pia alikuwa miongoni mwa majaji waliomthibitisha Uhuru kwa kauli moja. Mwaka 2022 alikuwako Jaji William Ouko, na naye aliikataa kesi ya Raila pamoja na wenzake. Kwa hesabu ya majina, hao walipaswa kupiga kura upande wa kwetu kila mara. Hawakufanya hivyo. Na walioufuta uchaguzi wa 2017, hakuna hata mmoja ambaye jina lake ni la huku kwa Wajaluo.

Sisemi kwamba jaji hana kabila. Analo, kama analo dini na kama ana rafiki waliosoma naye. Ila mtindo wetu wa kusoma jina kwanza na hukumu baadaye umetufanya tusione kilichoandikwa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Na jaji akikataa kuivutia ngoma kwao, tunamwita msaliti. Huo ndio mgawanyiko unaonitia hofu kuliko hata wanasiasa wenyewe, kwa sababu unamfundisha jaji kijana wa kesho kwamba nyumbani hakuna atakayemsifu kwa kuwa mwadilifu.

Nani huwateua? Rais hawezi kujaza watu wake tu?

Kabla ya 2010 aliweza, karibu kwa hiari yake. Sasa kazi hiyo inaanzia kwa Tume ya Huduma za Mahakama, JSC. Humo mna Jaji Mkuu kama mwenyekiti, majaji wawakilishi wa Mahakama ya Juu, ya Rufaa na Kuu, hakimu mmoja, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili waliochaguliwa na wenzao, mjumbe wa Tume ya Utumishi wa Umma, na wananchi wawili wasio mawakili ambao Rais huwateua kwa idhini ya Bunge. Anayetaka kuwa jaji huhojiwa hadharani. Jaji Mkuu na Naibu wake hupitia pia Bunge la Kitaifa. Jaji wa Mahakama ya Juu awe na uzoefu wa miaka 15, astaafu akifika 70, na Jaji Mkuu asizidi miaka 10 kwenye kiti hicho.

Mpango mzuri, lakini una tundu. JSC ilipopendekeza majaji 41 mwaka 2019, Rais Uhuru alikaa na majina hayo karibu miaka miwili. Juni 2021 aliwateua 34 akawaacha sita, mmoja akiwa amekwisha kufariki. Miongoni mwa hao sita walikuwamo Joel Ngugi, aliyekuwa akihudumu Mahakama Kuu ya Nakuru, na George Odunga. Wote wawili walikuwa wametoka kuketi katika jopo la majaji watano lililoangusha BBI, mpango wa kurekebisha Katiba, mwezi uliotangulia. Ruto aliwateua sita wote Septemba 2022, siku ile ile aliyoapishwa. Wengi walimpigia makofi, nami nilifurahi. Lakini miaka miwili ya kusubiri ilikuwa imeshatuma ujumbe kwa kila jaji anayetaka kupanda cheo, na wenye kesi zilizorundikana Nakuru na Kisumu ndio walioilipia.

Kama majaji wana ulinzi wa Katiba, siasa zinawafikia vipi?

Hazipiti mlango wa mbele. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mahakama haiko chini ya mtu yeyote, na mshahara wa jaji haupunguzwi. Kwa hiyo hutumika milango mingine, na ninaomba nieleze kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wengi hawaangalii.

Kwanza ni maneno. Jioni ile ile ya 1 Septemba 2017 Rais aliwaita majaji wakora mbele ya umati sokoni, na kesho yake akaahidi kwamba suala la mahakama litarudiwa. Rais anaposema hivyo, mfuasi wake mwenye jiwe mkononi husikia ruhusa. Tarehe 24 Oktoba dereva wa Naibu Jaji Mkuu Mwilu, ambaye pia alikuwa mlinzi wake, alipigwa risasi. Asubuhi iliyofuata Mahakama ya Juu ilipaswa kusikiliza ombi la kuahirisha marudio ya uchaguzi yaliyokuwa yafanyike kesho yake. Wanahitajika watano, nimesema. Walifika wawili, Maraga na Lenaola. Maraga akatangaza kwamba akidi haikutimia, na ikawa basi. Hakuna hukumu iliyoandikwa siku hiyo, hakuna sababu iliyopimwa, na uchaguzi ukaendelea. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori hatukupiga kura. Mimi nilikuwa nyumbani Manyatta nikisikia vitoza machozi vikilipuka upande wa Kondele, na nilichokuwa nikiwaza ni vile viti vitano vilivyokaa tupu Nairobi.

Kisha kuna kesi na fedha. Agosti 2018 Mwilu alikamatwa akiwa kazini, katika jengo la Mahakama ya Juu lenyewe. Mahakama Kuu ilikuja kuifuta kesi hiyo 2019 kwa kuwa ushahidi ulipatikana kinyume cha sheria. Novemba 2019 Jaji Mkuu Maraga alisimama mbele ya wanahabari kulalamika kwamba bajeti imekatwa hadi kazi inakwama. Bajeti ikikatwa, anayeumia kwanza si jaji. Ni mjane wa Muhoroni ambaye kesi yake ya shamba inasukumwa hadi mwaka mwingine.

Halafu kuna kupuuza amri. Miguna Miguna, mzaliwa wa Nyando hapa karibu, alifukuzwa nchini Februari 2018 huku korti zikiamuru aachiliwe. Maafisa wakuu wa serikali walipatikana na hatia ya kudharau korti, wakatozwa faini, na bado Miguna hakuingia nchini hadi Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Haki yake ilisubiri uchaguzi, wakati ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi yenye mhuri wa korti.

Na mtindo huo haukuisha na serikali ile. Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi kifungo cha miezi sita kwa kudharau korti. Siku chache baadaye walinzi wa jaji huyo waliondolewa. Chama tawala kilikuwa kimebadilika. Mlango uliotumika ulikuwa ule ule.

Kwa hiyo sisi wa Kisumu ni waathiriwa tu?

Hapa huwa sipigiwi makofi, lakini sitaficha ninachokiamini. Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, tarehe 30 Machi 2013, korti ilipomthibitisha Uhuru, Raila alikubali uamuzi huku akisema kwamba haafikiani nao. Huo ulikuwa uongozi. Lakini Kondele vijana waliwasha matairi, polisi wakapiga risasi, na watu wakafa. Damu hiyo iko mikononi mwa aliyefyatua, sina shaka. Na mtoto mchanga wa Nyalenda aliyefariki Agosti 2017 baada ya polisi kuvamia nyumba yao usiku hakuwa na neno lolote na korti. Sitaki mtu yeyote asome jibu hili kana kwamba nawalaumu wafu wetu.

Ninachokilaumu ni kingine. Mwaka 2017 tulimwita Maraga mtume. Akina mama walicheza barabarani hadi giza likaingia, nami nilicheza nao. Miaka mitano baadaye, tukiwa tumeshindwa, baadhi yetu tuliwatukana wenzake wale wale kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwaka 2017 watu wa Nakuru waliokuwa Jubilee, chama cha Uhuru, waliwatukana majaji, na 2022 wakawasifu. Uhuru wa mahakama haupimwi siku korti inapokupa. Wale waliocheza na waliolia walikuwa wakiipima korti kwa mizani moja tu, mizani ya mgombea wao. Mahakama ambayo kila baada ya miaka mitano nusu ya nchi inaichukia, kwa zamu, inabaki bila mtu wa kuitetea siku serikali inapoizima bajeti.

Nilipoulizwa hili katika kikao cha kwanza baada ya mazishi ya Raila, Oktoba 2025, kijana mmoja alisema: "Mwalimu, Baba alikwenda kortini mara tatu, akapewa mara moja, na bado alikwenda." Sijapata jibu bora kuliko hilo.

Marekani nako ni hivyo hivyo? Huwa tunaambiwa tuige kwao.

Kwao hali imekuwa ngumu kwa njia tofauti. Mahakama yao ya Juu ina majaji tisa, idadi ambayo haijabadilika tangu 1869. Jaji anateuliwa na Rais, anaidhinishwa na Seneti, na anakaa maisha yake yote asipojiuzulu au kuondolewa. Kwa kuwa kiti kimoja kinaweza kudumu miaka 30, kila nafasi inayotokea hupiganiwa kama vita.

Angalieni kura zenyewe. Antonin Scalia, mhafidhina mkubwa, aliidhinishwa 1986 kwa kura 98 bila hata moja ya kumpinga. Ruth Bader Ginsburg, wa mrengo mwingine kabisa, alipata 96 kwa 3 mwaka 1993. Kufikia 2018 Brett Kavanaugh alipata 50 kwa 48, na Amy Coney Barrett 52 kwa 48 mwaka 2020. Mwaka 2016 Seneti ilikataa hata kumsikiliza Merrick Garland, aliyependekezwa na Obama, kwa hoja kwamba uchaguzi uko karibu; 2020 Seneti hiyo hiyo, chini ya chama kile kile, ilimwidhinisha Barrett siku nane kabla ya uchaguzi. Wamarekani wengi sasa wanajua hukumu itakavyokuwa kwa kuangalia tu ni rais yupi aliyemteua jaji yupi. Sisi tunasoma jina la ukoo, wao wanasoma chama.

Kwa hiyo nasema tusiige la kukaa maisha yote. Umri wa kustaafu wa miaka 70 na mahojiano ya hadharani ya JSC ni mambo ambayo Kenya imewatangulia, na hatuyasemi vya kutosha.

Kuna nchi nyingine ya Afrika iliyofanya kama sisi?

Malawi. Februari 2020 mahakama yao ya kikatiba ilifuta uchaguzi wa 2019, ambao karatasi zake za matokeo zilikuwa zimesahihishwa kwa wino mweupe wa kufutia. Marudio yalifanyika Juni 2020 na aliyekuwa madarakani akashindwa. Siku chache kabla ya marudio hayo serikali ilitangaza kwamba Jaji Mkuu Andrew Nyirenda aanze likizo ya kustaafu mara moja. Mawakili na majaji waliandamana, korti ikazuia, na mpango ukafa. Jirani zetu Tanzania, kwa upande mwingine, Katiba yao hairuhusu matokeo ya rais yakishatangazwa yapingwe kortini kabisa. Huko Ulaya, Poland ilishusha umri wa kustaafu wa majaji wa Mahakama ya Juu kutoka 70 hadi 65 mwaka 2018 ili kuwaondoa wengi kwa mpigo, hadi Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema kwamba hilo ni kinyume cha sheria. Nautaja mfano huo kwa sababu kila mara mbunge wa hapa anapopendekeza umri wa majaji uguswe, hujifanya kuwa hoja ya kawaida ya utumishi.

Lakini majaji wafisadi wapo! Rais akisema hivyo, anakosea nini?

Wapo. Ukikaa vibandani nje ya korti yoyote utasikia bei zikitajwa, na asiyekubali hilo anawadharau wananchi waliolipa. Kosa haliko katika kusema. Liko katika kusema jukwaani bila jina na bila ushahidi, siku korti inapozuia mpango wako. Januari 2024 Rais Ruto alidai kwamba baadhi ya majaji wananunuliwa ili kukwamisha miradi ya serikali, wakati ambapo korti zilikuwa zimegusa ushuru wa nyumba na bima mpya ya afya. Mawakili waliandamana kumpinga. Baadaye Rais na Jaji Mkuu Martha Koome walikutana. Mahali pa madai hayo ni JSC: mtu yeyote, hata wewe mwenye kibanda Kibuye, anaweza kuandika malalamiko dhidi ya jaji, na JSC ikiona yana uzito inamwomba Rais aunde jopo la kumchunguza. Hakuna ada, wala huhitaji wakili. Andika tarehe, nambari ya kesi na ulichokiona kwa macho yako. Ulichosikia kwa jirani usikiweke.

Tufanye nini kabla ya 2027?

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama wewe ni wakala wa mgombea, fomu 34A ndiyo kila kitu. Hakikisha unapata nakala yako, na ile inayobandikwa mlangoni mwa kituo uipige picha inayosomeka. Kesi za 2017 na 2022 zote ziliamuliwa kwa karatasi, si kwa ukubwa wa umati wa Kondele au wa Afraha. Na uamuzi ukitoka, usiusikilize kwa mdomo wa mwanasiasa. Maamuzi yote huwekwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kikundi chetu kiliusoma ule wa 2022 kwa zamu, kurasa kumi kumi, mmoja akitafsiri kwa Kiswahili na Kijaluo. Ulituchukua wiki nyingi. Wawili walibaki wakiamini kwamba Raila aliibiwa, lakini sasa wanaweza kukuonyesha ukurasa wanaoukataa.

Naweza kuingia kortini Kisumu nikasikilize tu, hata kama sina kesi?

Ndiyo. Kesi husikilizwa hadharani, isipokuwa chache kama zile za watoto. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, pita ukaguzi wa mlangoni, uangalie orodha ya kesi iliyobandikwa ukutani. Zima simu. Jaji akiingia utasimama, na ukitoka kabla hajamaliza utainamisha kichwa kidogo kuelekea kwake. Viti vya nyuma ndivyo vya wananchi.